Tutunze Ngozi ya Vyombo Vyetu

Haya ni maneno ya afisa wa uvuvi wa kaunti mbele ya wanachama wa BMU, manahodha na mafundi, kabla ya zoezi la kuosha boti ufuoni. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, manahodha, mafundi, kina mama wenye vyombo na kina mama mnaosubiri samaki mchangani, shukrani kwa kuja. Sitawaweka sana. Leo ni bamvua, maji yatakupwa kabisa saa nne, na zile boti mbili pale chini zinatungoja.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuosha na kulinda chombo kwa nje. Najua kuna mzee hapa nyuma ameshacheka moyoni: huyu ametoka ofisini kuja kutufundisha kuosha mashua? Mzee wangu, una haki ya kucheka. Sehemu kubwa ya nitakayosema nimeipata kwenu. Lakini nimekuja kwa sababu tunapita pwani yote hii kukagua vyombo, na tunaona jambo moja likijirudia. Vyombo vyetu vinakufa ngozi kabla ya kufa mifupa. Mataruma mazima, mkuku mzima, lakini ubavu umechakaa. Na siku mwenyewe anapotaka kuuza apate karo ya mtoto, au kukiweka rehani apate mkopo, anaambiwa bei ambayo hata mashine haingenunulika.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kabla sijaajiriwa nilivua na boti ya faiba ya kaka yangu, futi 23, nyeupe. Ilipofika mwaka wa pili ilikuwa imeingia rangi ya chai pale maji yanapofikia, na chini imeshika ukoga wa kijani. Siku moja kabla ya Idi nikataka ing'are. Nikachukua sabuni ya unga, dawa ya kuondoa madoa ya nguo, na ule waya wa kusugulia sufuria, nikaisugua kutwa. Kweli ikang'aa, na watu wakanisifu. Miezi michache baadaye boti ile ikawa kama ukuta uliopakwa chokaa: ukiegemea, shati linatoka jeupe. Kaka alipotaka kuiuza, mnunuzi alikuja, hakuuliza habari ya mashine, hakuuliza nyavu. Alipitisha kiganja ubavuni, akakigeuza, tukakiona cheupe. Akataja bei iliyopungua shilingi elfu sitini kwa ile tuliyotarajia. Kaka hakunigombeza, alinitazama tu. Elfu sitini zetu zilikuwa kwenye kiganja cha yule bwana.

Nini kilitokea? Faiba ni tabaka za nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. Nje kabisa kuna tabaka jembamba lenye rangi, mafundi huliita jelikoti. Hilo ndilo linalozuia maji yasiingie kwenye nyuzi, na hilo ndilo linalong'aa. Unene wake ni kama nusu milimita, halifiki unene wa kadi ya benki. Jua hulichoma kidogo kidogo mpaka uso wake uwe unga. Mimi nilipolisugua kwa waya niliondoa unga pamoja na jelikoti yenyewe, na nikaacha maelfu ya mikwaruzo midogo ambamo uchafu hukaa na jua huingia vizuri zaidi. Ile dawa ya madoa ikamaliza kazi. Uchafu ungeweza kukaa pale mwaka mzima usilete hasara niliyoleta mimi kwa siku moja ya usafi.

Kwa hiyo mwenye faiba, sikiliza. Kwanza suuza kwa maji, ndipo ushike kitambaa. Chumvi iliyokauka ni kama mchanga, ukiisugua ikiwa kavu unajikwaruzia boti. Kisha tumia sabuni laini ya maji, ile ya kuoshea vyombo vya jikoni, na sponji au kitambaa cha pamba. Anza juu ushuke chini, usiache sabuni ikaukie, na usifanye saa saba za mchana, ubavu ukiwa umepata moto. Asubuhi au alasiri. Madoa ya chai pale kwenye mstari wa maji, na michirizi ya kutu inayoshuka kutoka kwenye skurubu, jaribu maji ya ndimu: paka, ngoja dakika chache, suuza. Yakigoma, rudia kesho, usichukue waya. Sema wallahi sitachukua waya.

Najua swali linalokuja, maana kina mama huniuliza kila mahali. Bwana afisa, maji ya kunywa yenyewe tunayafuata kwa punda, wewe unatuambia tuoshee boti? Swali la haki. Sitaki mtu aguse maji ya jabia kwa ajili ya boti, maji yale ni ya watu. Lakini vijiji vingi vina kisima ambacho maji yake yana chumvichumvi, watu hawayanywi. Hayo yanatosha, chumvi yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya bahari. Madumu mawili ya lita 20 yanaosha boti ya futi 23 ukitumia ndoo na kitambaa badala ya kumwaga ovyo. Mara moja kwa wiki, na kila siku unapoiweka boti kupumzika kwa muda mrefu.

Boti ikishakuwa safi na kavu, ipake nta. Nta ya magari inafaa. Ile nta nyekundu ya sakafu usiiguse. Nimeona boti imekuwa kama baraza ya shule. Nta haiongezi nguvu, kazi yake ni kulipokea jua kabla ya jelikoti. Mara mbili kwa mwaka, kuanzia juu ya mstari wa maji, si chini yake. Kama ubavu umeshakuwa unga, nta peke yake haitaushika, utahitaji kwanza dawa ya kung'arishia ambayo mafundi wa magari wanaitumia, na mkono mwepesi. Kumbuka ile nusu milimita: kila unapong'arisha unapunguza. Boti haina mara nyingi za kung'arishwa katika maisha yake.

Lakini dawa kubwa kuliko nta ni kivuli, na kivuli hakiuzwi dukani. Banda la makuti juu ya boti iliyopumzika linaweza kuiongezea miaka. Ukikosa banda, weka turubai, ila liinue kwa miti lisilalie ubavu. Turubai linalopigwa na upepo wa kusi huku limegusa boti ni msasa, na unyevu unaofungiwa chini yake huleta kuvu.

Tazameni pia chini ya mkuku. Wengi tunaburuta faiba mchangani kila jioni. Mchanga unakula jelikoti hapo chini, ambapo hakuna anayeangalia, halafu maji yanaingia kwenye nyuzi na kuanza kufanya malengelenge. Mnunuzi mjuzi hulala chali akatazama huko kabla ya kitu kingine. Pitisheni boti juu ya magogo ya mnazi, au lazeni matairi makuukuu. Ukiona nyuzi zimetokeza, usipake rangi juu ili kuficha. Ikaushe vizuri kwanza, siku kadhaa, kisha fundi aizibe. Rangi juu ya unyevu ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani.

Sasa wakati wa kazi. Kusafisha chini ya chombo kunataka maji yatupe nafasi, na hapa nyinyi ni walimu wangu, mimi nitasema tu ninavyoelewa ili vijana wasikie. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kwetu huku bamvua hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa mnamo saa nne. Tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Ukitaka kukwangua ukoga tu na kurudi majini, egesha chombo alfajiri, fanya kazi asubuhi, jioni kinaelea. Lakini ukitaka kupaka rangi ikauke, siku moja haitoshi. Panda ufuoni siku moja au mbili baada ya kilele cha bamvua. Kila jozi la maji linalofuata litakuwa dogo kuliko lililopita, chombo kitakaa kikavu zaidi ya wiki, na bamvua lijalo litakuja kukichukua. Kijana akipanda kwenye kilele chenyewe, hasa bamvua kubwa za Machi na Septemba, anaweza kupwelewa, akae akingojea maji yatakayofika pale. Mzee, nimekosea? Haya, mzee anasema sijakosea.

Na msimu ni huu. Upepo wa kusi umekaza, bahari ya nje haiendeki kwa wengi wetu, mvua kubwa imepita. Kati ya sasa na mwezi wa nane ndipo pa kumaliza kazi hii, ili matlai akija chombo kiwe tayari. Anayengoja kaskazi atakuwa anapaka rangi wakati wenzake wanavua.

Tuje kwenye mbao. Mashua ya mbambakofi au ya mwembe ina maadui wengine. Mkubwa wao ni yule mdudu atoboaye mbao. Ni laini kama mnyoo, lakini kwa hakika ni jamii ya chaza. Huingia akiwa mdogo sana kwa tundu kama la sindano, kisha hukua humo ndani akila ubao urefu wake wote. Ndiyo maana unaona ubao mzima kwa nje, unaugonga unasikia sauti ya debe tupu. Kwa huyu, wazee wetu walijua la kufanya kabla ya ofisi yoyote ya uvuvi: chombo kikilazwa, kinapitishiwa moto wa makuti chini, mdudu anakufa kwa joto, ukoga na vile vigamba vikali vinavyokata mikono vinalegea. Kisha kinapakwa shahamu, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, kuanzia mkuku mpaka mstari wa maji. Juu yake kinapakwa sifa. Mbao zinakunywa sifa, maji ya bahari hayapati nafasi. Anayeweza kuendelea hivyo aendelee, sina cha kumwongezea. Ila moto ule ni wa mbao tupu. Niliwahi kumkuta kijana akiwasha makuti chini ya boti ya faiba, ati babu yake alifanya hivyo. Faiba inashika moto, na moshi wake ni sumu. Hata mashua ya mbao iliyopakwa rangi ya kopo chini usiipitishie moto.

Sifa siku hizi ni adimu na ghali, na papa wenyewe wamepungua. Kwa hiyo watu wamehamia oili chafu ya magari. Hapa nitasema bila kuzunguka: acheni. Oili ile hainywewi na mbao kama sifa, inakaa juu ikavuja majini kila chombo kinapoelea, inafika kwenye mikoko ambako samaki na kaa wanazaa. Samaki wako anachukua harufu. Na siku ukitaka kupaka rangi haishiki, utakwangua mpaka ufike ubao mpya. Mnunuzi akiona mashua nyeusi inayonata, anajua atalipa fundi kabla ya kulipa wewe, na anakata mapema. Nunua mafuta ya kitani badala yake, au paka rangi ya mbao iliyo nzuri kwenye ubao mkavu uliopigwa msasa.

Kuna jambo la mbao ambalo wengi hulishangaa. Maji ya mvua ni mabaya kwa mashua kuliko maji ya bahari. Chumvi huzuia kuoza. Maji matamu yaliyotuama chini kwenye ngama au chini ya sitaha huleta uozo. Mashua iliyofungwa kipindi cha mvua bila kukumbwa maji huoza kutoka ndani huku mwenyewe akipaka rangi nje. Kumba maji kila baada ya mvua, na usizibe kila upenyo, hewa ipite. Tena usiikaushe kupita kiasi. Mashua ikikaa wiki nyingi juani, mbao husinyaa, kalafati hutoka, na siku ya kuishusha inakunywa maji kama kikapu. Hapo tena ni yale makuti: kivuli. Kabla ya kupaka chochote, pitia maungo yote, pale pamba ilipotoka rudishia kalafati. Rangi haizibi ufa.

Kuhusu rangi ya chini ya maji, ile yenye dawa ya kuzuia ukoga na vigamba, nataka mnisikilize kidogo, maana hapa hasara si ya mwenye boti peke yake. Zamani rangi nyingi za meli zilitiwa dawa yenye bati, inaitwa TBT. Ilifanya kazi sana. Lakini kule ghuba ya Arcachon, Ufaransa, miaka ya 1970, wafugaji wa chaza walianza kuona magamba ya chaza yanavimba na kupinda na watoto wa chaza hawapatikani, biashara ikaanguka. Konokono wa kike wa baharini wakaota viungo vya kiume. Ufaransa ikaipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa dunia wa kuikataza ulipitishwa mwaka 2001 na ukaanza kutumika mwaka 2008. Kwa hiyo mtu akikuletea kopo lisilo na maandishi, au la zamani lililotoka melini, akakwambia hii ni kali kuliko zote, mwambie asante. Rangi za kisasa nyingi hutumia shaba. Nazo ni dawa, si maziwa. Ukizikwangua, tandika turubai, kusanya maganda yote, yasianguke hapa ambapo watoto wanaokota chaza. Kwangua zikiwa zimelowa, ili vumbi lisiruke, na ufunge barakoa. Ukipiga msasa faiba ni vivyo hivyo, vumbi lile ni la kioo.

Mwenye mashine, rangi ya shaba isiguse mguu wa mashine, maana ule ni aluminiamu na utaliwa. Kile kipande cha zinki kilichofungwa pale kimewekwa kiliwe badala yake, kwa hiyo usikipake rangi kabisa, na kikibaki nusu kibadilishe. Ukirudi, ipitishie mashine maji matamu dakika chache, uiinue itoke majini. Hayo mnayajua.

Nilikuwa karibu kusahau namba ya usajili. Naona vyombo vingi namba imefutika kwa kusuguliwa, au imepakwa rangi juu. Mkimaliza kupaka, andikeni namba upya, kubwa, pande zote mbili. Chombo kisichosomeka namba ni vigumu kukiuza kihalali, na kikipotea baharini ni vigumu zaidi kukitafuta.

Mama mmoja ameniuliza tulipokuwa tunakaa: boti yangu tayari imekuwa unga, nimeshachelewa? Hapana, mama. Tutaitazama sasa hivi, ni ile ya kushoto. Tukipitisha kucha tukakuta jelikoti bado ipo, tutaing'arisha leo na kuipaka nta, na utakwenda nyumbani na boti. Tukikuta nyuzi, fundi atakwambia ukweli hapa mbele ya watu wote, na tutaikausha kwanza. Vijana wawili waniletee yale madumu. Maji yameshashuka, twendeni.